Bei ya embe Kongowea na dawati tupu shuleni

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utumikishwaji wa watoto mashambani, jambo ambalo kila inapokaribia tarehe 12 Juni, siku ya dunia ya kupinga ajira ya watoto, huzungumzwa kwa kishindo, kisha likasahauliwa hata mahindi ya masika hayajavunwa. Nimesoma barua nyingi za wasomaji wenzangu juu ya jambo hili, na karibu zote humlaumu mzazi: kwamba ni mjinga, hathamini elimu, afungwe. Mimi si mwalimu wala mwanasheria. Ni mfanyabiashara wa matunda kwa jumla katika soko la Kongowea hapa Mombasa, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba yangu, na ninaandika kwa sababu katika lawama zote hizo sijaona mtu akitutaja sisi tunaonunua.

Januari ya mwaka juzi dalali aliyekuwa akiniletea maembe alinichelewesha siku mbili mfululizo, nikaamua kupanda lori mwenyewe niende nikaone kulikoni huko ndani ya Kilifi. Nilifika shambani mwendo wa saa nne asubuhi, siku ya Jumatano. Chini ya mwembe mkubwa wa ngowe wanawake wawili walikuwa wakichambua maembe, yaliyopondeka huku, mazima kule. Juu yao, kwenye tawi ambalo mimi kwa uzito wangu nisingethubutu hata kuliegemea, alikuwepo mvulana wa miaka kama 11, amejifunga kiroba begani na ameshika upembo, akivuta maembe na kuwadondoshea ndugu zake wawili waliokuwa wametandaza gunia wakayadaka. Aliposhuka niliona amevaa kaptula ya shule. Shavu lake la kushoto lilikuwa limebabuka kwa utomvu, ngozi imekuwa nyeusi kama iliyochomwa kwa chuma, kwa maana kikonyo cha embe bichi kikikatika hurusha utomvu mkali, na aliyeko juu ya mti mikono yake yote miwili ina kazi, hana wa kumkinga uso.

Nikamuuliza mama yake kama siku ile hakukuwa na shule. Alinitazama kwa muda, kisha akanijibu bila hasira: "Shule ipo, tajiri. Lakini wewe ukinipa bei ya kumlipa mtu mzima apande, mimi mwanangu nitampandishia nini?"

Akanipigia hesabu palepale, na hesabu ile sijaisahau. Miti yake ilimpa maembe 600 ya kuuzika. Dalali alikuwa akiyachukua kwa shilingi 5 kila moja, yaani shilingi 3,000 kwa zao zima la mzunguko ule. Wapandaji wawili watu wazima walitaka shilingi 500 kila mmoja kwa siku, na chakula chao juu yake. Theluthi ya mapato yake ingekwenda kwa wachumaji kabla hajanunua hata kilo moja ya unga. Wiki ile embe la aina ileile mimi nililiuza kwa jumla shilingi 15, na kwenye meza za wachuuzi wa soko la Marikiti mnunuzi alilipata kwa shilingi 25. Zile shilingi 1,000 ambazo mama yule hakuwa nazo zilikuwepo, Bwana Mhariri. Ziligawanyika baina yangu na dalali na mchuuzi, na kijana wa miaka 11 akazifidia kwa siku yake ya shule na ngozi ya shavu lake.

Sitaki nieleweke kwamba kila mtoto ashikaye jembe ametumikishwa. Nilipomsimulia habari hii mzee mmoja wa mtaani kwetu, alinikatiza kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nakubaliana naye. Mtoto anayechota maji jioni, anayemsaidia bibi yake kupukuchua mahindi, au anayefunzwa kilimo shuleni kama mtaala wa sasa unavyotaka, huyo analelewa. Hata Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeliona hilo: inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na yule wa kati ya miaka 13 na 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, zisizomdhuru wala kumzuia kusoma. Kipimo kiko wazi. Je, kazi hiyo inamwacha mtoto akiwa mzima wa mwili, na inamwacha afike darasani?

Kwa kipimo hicho, iko kazi moja ya pwani yetu ambayo haina jeraha la kupigwa picha wala haina mwajiri wa kushtakiwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayokula siku nyingi zaidi za shule. Nazungumzia kuamia, yaani kulinda mazao shambani yasiliwe na wanyama. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills, mahindi yakianza kubeba, nyani na ngedere hushuka alfajiri, na familia isiyo na mtu wa kukaa ulingoni huamka ikakuta mabua matupu. Baba amekwenda kutafuta kibarua, mama yuko kwenye palizi ya shamba la pili, kwa hiyo anayepanda ulingoni na kopo la kugonga na kombeo ni mtoto, kutwa nzima, wiki mbili au tatu mfululizo. Mwalimu mmoja wa huko Kwale aliniambia kwamba yeye hahitaji kalenda ya kilimo, kwani akifungua rejista yake hutambua mahindi yamefikia wapi. Mtoto huyo hapigwi, halipwi, haumii. Hupitwa tu na hesabu za sehemu, na akirudi darasani wenzake wamekwisha fika kwenye desimali, naye huona haya kuuliza.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Ripoti iliyotolewa mwezi Juni 2025 na Shirika la Kazi Duniani pamoja na lile la watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, ilionyesha kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 duniani walikuwa katika ajira ya watoto, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari, na kwamba asilimia 61 ya wote wako katika kilimo. Afrika kusini mwa Sahara peke yake ina karibu milioni 87. Kiwango chetu kimeshuka kidogo tangu mwaka 2020, kutoka asilimia 24 hadi 22, lakini kwa kuwa watoto wenyewe wameongezeka, idadi imebaki palepale. Na huo mwaka 2025 ndio uliowekwa na mataifa kuwa mwaka wa kukomesha ajira ya watoto ya kila namna! Makadirio ya 2020 yalikuwa yamekwisha eleza pia kwamba asilimia 72 ya watoto hao hufanya kazi ndani ya familia zao wenyewe. Kwa lugha nyepesi, ukimtafuta mnyapara mwenye kiboko utachoka, kwa sababu katika nyumba nyingi anayempa mtoto jembe ni mama yake, naye mwenyewe analo jembe mkononi.

Sheria hatuna upungufu nazo. Kenya iliridhia Mkataba wa 138 juu ya umri wa chini wa kuajiriwa mwaka 1979 na Mkataba wa 182 juu ya aina mbaya zaidi za ajira ya watoto mwaka 2001. Mwaka 1992 tulikuwa miongoni mwa nchi sita za kwanza kuingia katika mpango wa Shirika la Kazi Duniani wa kupambana na ajira hiyo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamkinga mtoto dhidi ya kazi za hatari na za unyonyaji na kumpa haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Watoto ya 2022 imerudia ulinzi huo kwa mapana. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, watoto walifurika madarasani, na hilo ni jema lisilosahaulika. Hata hivyo, kilichoondolewa pale ni karo. Gharama ya kuikosa mikono ya mtoto shambani katika wiki ya mavuno ilibaki kwa mzazi, na hadi leo haijapata wa kuibeba.

Inapokosekana bajeti ya kuibeba gharama hiyo, hutumwa askari. Nakijua kijiji kimoja ambako wazazi kadhaa walikamatwa kwa msako kwa kuwa watoto wao hawakuonekana shuleni. Mmoja wao alitozwa faini, akauza mbuzi wawili aliokuwa amewaweka kwa ajili ya sare na vitabu, na muhula uliofuata binti yake wa miaka 14 alikuwa yaya katika nyumba moja hapa kisiwani. Msako ulikuwa umefaulu, kwani hakukuwa tena na mtoto shambani. (Sisi wa mjini tunaoandika barua kali kuhusu watoto wa mashamba tungefanya vyema kuanza kwa kuchungulia jikoni mwetu.)

Wenye kutaka kujua nini hutokea bei isipoguswa na watazame kakao ya Afrika Magharibi. Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia saini makubaliano yaliyosimamiwa na wabunge wawili wa Marekani, Tom Harkin na Eliot Engel, yakiahidi kwamba kufikia mwaka 2005 kungekuwa na utaratibu wa kuthibitisha kuwa kakao yao haikulimwa kwa aina mbaya zaidi za ajira ya watoto. Mwaka huo ukapita, muda ukaongezwa, na mwaka 2010 lengo likabadilishwa kuwa kupunguza aina hizo kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Ilipofika 2020, utafiti wa kituo cha NORC cha Chuo Kikuu cha Chicago ulikuta watoto wapatao milioni 1.56 wakifanya kazi katika kakao ya Ghana na Côte d'Ivoire, wengi wao wakishika mapanga, wakibeba mizigo mizito au wakikaribiana na dawa za kuua wadudu. Katika miaka hiyo yote shule zilijengwa, kamati za vijiji ziliundwa, mabango yalichorwa, na sidharau hata moja kati ya hayo. Lakini ni mwaka 2019 tu ndipo serikali za nchi hizo mbili zilipotamka kwamba kila tani ya kakao iongezewe dola 400 kwa ajili ya mkulima, na hata hapo wanunuzi wengine hawakukawia kutafuta pa kuzirudishia dola hizo kwa kubana malipo mengine. Miaka 18 ilipita watu wakizungumza juu ya mtoto ndipo wakafika kwenye bei aliyolipwa baba yake.

Malawi nayo ina funzo lake. Katika mashamba makubwa ya tumbaku ya huko, mpangaji alikuwa akipewa kipande cha ardhi na mbegu kwa mkopo, akalipwa mwisho wa msimu kwa kadiri ya majani aliyotoa baada ya madeni kukatwa. Mtu anayelipwa kwa jani, naye ana deni, humwingiza shambani mke na watoto wote, na jani bichi la tumbaku likiwa na umande hupenyeza nikotini ngozini, mtoto akashikwa na kizunguzungu na kutapika. Mwezi Novemba 2019 Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi kwa shaka ya kazi za kulazimishwa na za watoto, na mwaka 2021 bunge la Malawi likaufuta mfumo ule wa upangaji. Sisemi kwamba tatizo limekwisha huko. Nasema tu kwamba mnunuzi alipogoma, lililokuwa halisikiki kwa miaka likasikika.

Turudi kwetu. Najua nitaambiwa kwamba mkulima wa Ganze, Magarini au Kinango hasumbuliwi na bei bali na ukame, na ni kweli kwamba kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilitukosa msimu baada ya msimu, mazao yakafa na mifugo ikafa. Mwaka wa namna hiyo hakuna embe wala bei ya kuzungumzia, na hapo kazi ni ya serikali: chakula cha mchana shuleni kisikatike, na zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, zifike kwa wakati, hasa kati ya Mei na Julai ambapo ghala la mwaka jana limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Fedha ya Mei ikilipwa Septemba, mtoto amekwisha kuikosa shule. Lakini miaka ya neema nayo ipo, miembe ikazaa hadi matawi yakavunjika, na bado mvulana yule yuko juu ya mti siku ya Jumatano. Huyo hayuko pale kwa sababu ya ukame.

Tangu msimu uliopita nimejaribu jambo dogo, nami nalieleza pamoja na makosa yake. Nimetenga pesa ya mchumaji mbali na bei ya embe, kwa sharti kwamba anayepanda mti awe mtu mzima. Mwanzoni nilimkabidhi dalali, naye akaila. Hilo nilipaswa kulitarajia, kwa kuwa udalali naujua tangu utotoni. Baadaye nikaanza kuwatumia wachumaji wenyewe kwa simu, mzigo ukishafungwa na mwenye shamba akithibitisha nani alipanda. Madalali wawili wakaniacha wakaenda kwa jirani yangu sokoni ambaye haulizi maswali, na baadhi ya wateja wangu wakawafuata kwa tofauti ya bei ya shilingi 2. Nataka wasomaji waiangalie tofauti hiyo. Shilingi 1,000 za wachumaji ukizigawa kwa maembe 600 hazifiki shilingi 2 kwa embe. Hoja kwamba tukimlipa mkulima vizuri maskini wa Mombasa hatakula embe haina nguvu ninayoisikia ikipewa. Tatizo ni kwamba mfanyabiashara mmoja akifanya hivyo peke yake hupoteza wateja, na tukifanya sote hakuna anayepoteza.

Ndiyo maana naiomba serikali ya kaunti, pamoja na wenzetu wa Kilifi na Kwale, mambo mawili ambayo hayahitaji sheria mpya. La kwanza ni hili: kila lori linaloingia Kongowea hukatiwa risiti ya ushuru langoni. Risiti hiyo iandikwe pia mzigo umetoka wadi gani na umenunuliwa shambani kwa bei gani, na bei hizo zitangazwe kila wiki katika redio za hapa pwani, ili mama aliye chini ya mwembe ajue embe lake lina thamani gani kabla dalali hajafika. Dalali atadanganya kuhusu bei mara ya kwanza na ya pili, lakini bei ikishasikika redioni mkulima mwenyewe ndiye atakayemsahihisha. La pili ni rejista za shule. Mahudhurio ya kila darasa huandikwa kila asubuhi, kisha hubaki kwa walimu na maofisa wa elimu. Ofisa wa kilimo na yule wa kazi hawayaoni, ingawa hakuna karatasi nyingine nchini inayoonyesha waziwazi ni wiki gani na katika kijiji gani watoto wameitwa mashambani. Ofisa wa kilimo akijua kwamba darasa la gredi ya tano hupungua nusu kila mahindi yanapobeba, anaweza kupanga walinzi wa zamu wa kijiji wa kuamia, watu wazima wenye posho, kwa wiki tatu tu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja hotelini, na wanaoandaa semina hizo wanaijua hesabu hiyo.

Maembe ya msimu mkubwa huanza kuingia Kongowea mwezi wa Novemba. Kabla ya hapo nitakuwa nimewapelekea wafanyabiashara wenzangu pendekezo la pesa ya mchumaji kwa maandishi, likiwa na hesabu ileile niliyopigiwa chini ya mwembe. Wakilikataa, nitakuandikia tena, Bwana Mhariri, nikueleze sababu walizozitoa.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa matunda,
Soko la Kongowea, Mombasa